Alama ya Katoo Kwenye Fulana

Siku belo la fulana za mitumba linapofunguliwa sokoni Kitengela, usitafute adabu ya mtu. Akina mama wanaokaa viti vya mbele kanisani husukumana kwa viwiko, na wasichana waliopaka rangi ya kucha asubuhi hiyo huchimbua nguo kwa kucha hizo hizo. Jumamosi hiyo muuzaji hakuwa amemaliza hata kukata kamba. Soipan Katoo aliona fulana moja nyeupe pe, haina doa wala maandishi, akaidaka. Papo hapo mkono mwingine ukaidaka upande wa pili.

"Achilia," Soipan alisema.

"Nimeiona kwanza, madam."

"Wewe umeiona na macho. Mimi nimeishika na mkono."

"Na huu wangu ni mguu?"

Soipan aliinua uso, tayari kumpa mtu maneno yake. Alimkuta kijana mrefu, mwembamba, suruali ya jinzi imechafuka rangi magotini, na kifuani amevaa fulana iliyoandikwa kwa herufi kubwa: NAISHI KITENGELA, NAOGA JUMAPILI. Mtaani kwa Soipan mifereji ilikuwa imekauka wiki nzima. Kicheko kilimtoka bila ruhusa yake, na akazidi kukasirika kwa sababu alikuwa amecheka.

"Unaitaka ya nini?" kijana aliuliza.

"Ya kwaya yetu. Nachora mwenyewe, kwa mkono. Kuna shida?"

"Unachora?" Macho ya kijana yalibadilika. "Mimi nachapa. Hii niliyovaa nimechapa mwenyewe."

"Inaonekana. Hiyo J imelala."

"Nyinyi wawili!" muuzaji alifoka. "Mnataka kuinunua ama kuoana ndani yake? Kuna watu nyuma!"

Kijana aliachilia fulana, akaomba namba ya simu tu. Soipan alimpa namba, akageuza tarakimu ya mwisho kwa makusudi, akaenda zake na sketi yake nyeusi ya ofisini na bangili za shanga alizoshonewa na mama yake. Alipofika kwa wauza vitunguu alisimama, akajiita mjinga, akarudi mwenyewe kumsahihishia.

Aliitwa Obura, mtoto wa mwalimu kutoka Siaya, na alifanya kazi katika saiba moja, duka la kompyuta na intaneti, nyuma ya kituo cha petroli. Asubuhi aliwachapia watu barua za kuomba kazi. Jioni alihamia kona aliyokodishiwa na mwenye saiba, palipokuwa na mashine yake ya kubana fulana kwa joto, na hapo ndipo alipong'aa. Alimwita Soipan Jaber, yaani mrembo kwa Kijaluo, lugha ya kwao. Soipan naye alimwita Bwana Fulana, isipokuwa alipokuwa na hasira, ambapo alimwita Obura, na siku za Obura hazikuwa chache.

Soipan alikuwa karani wa wakala wa ploti. Kazi yake ilikuwa kuandika makubaliano ya ardhi: mzee fulani wa Kimaasai amemuuzia bwana fulani wa Nairobi kipande fulani, mashahidi hawa hapa, weka kidole. Kila alipochomeka karatasi kwenye faili alihisi amemeza jiwe. Lakini mshahara ule ndio uliopeleka unga nyumbani kwao, mbele ya mji wa Kajiado ukielekea Bissil, na mwaka huo wa 2009 mvua zilikuwa zimekataa kabisa.

"Jaber, sikiza," Obura alimwambia jioni moja wakiwa kwenye kibanda cha chipsi. "Hatuhitaji duka. Watu wote sasa wako Facebook. Tunaweka picha, mtu anaona, anapiga simu, anatuma pesa kwa simu, mimi nachapa, parseli inaenda na basi. Wewe unachora tu."

"Na rangi ikitoka siku ya kwanza ya kufua?"

"Haitoki. Kuchapa najua. Kuchora ndio sijui. Nikichora kuku, watu wanauliza huyu ngamia ni wa nani."

Soipan alicheka mpaka chipsi ikampalia. "Na kazi yangu?"

"Wachana nayo. Unaichukia."

"Naichukia, lakini inalisha watu. Nipe muda niamue."

"Mpaka lini?"

"Mpaka niamue, Obura."

Kisha, kwa sababu hakupenda kuiona sura ya mpenzi wake ikidondoka hivyo, alichovya kidole kwenye maji yaliyotiririka kutoka kwa chupa ya soda, akachora mezani nusu duara iliyokatwa na mstari mmoja.

"Hii ni ya baba. Ng'ombe wote wa Katoo wako nayo pajani. Ng'ombe anaweza kupotea mpaka Namanga, lakini mtu akiiona hii anajua ni wa nani. Anamrudisha. Kaka yangu akijenga boma lake ataongeza mkato mmoja hapa pembeni, iwe yake."

"Na wewe?"

"Mimi ni msichana. Msichana hana alama."

"Aa, hiyo si haki," Obura alisema, na alikasirika kweli kweli kwa niaba yake. Soipan alimpenda sana dakika ile. Alifuta maji yale kwa kiganja, wakaondoka.

Mwezi uliofuata baba yake alipiga simu. Mzee Katoo hakuwa mtu wa simu. Aliishika kama mtu anayeshika nyoka wa mwenzake.

"Soipan. Zimeisha."

Soipan hakuuliza wangapi wamebaki, kwa maana kwao ng'ombe hawahesabiwi kwa sauti, wala hakuhitaji kuuliza. Alikuwa amewaona njiani alipokwenda kuwaona wazazi: mizoga kando ya barabara, na wachungaji wamekaa karibu nayo wakiwa hawana tena cha kuchunga. Mchana ule alikwenda saiba, akalia mbele ya wateja bila kujali. Obura aliwafukuza wote nje, hata aliyekuwa katikati ya kuandika barua.

"Walikuwa na majina," Soipan alisema. "Kila mmoja. Baba alikuwa anawaita mmoja mmoja, na wanakuja."

"Pole, Jaber. Pole sana." Alimshika tu mpaka kwikwi zikaisha.

Hayo yote Soipan aliyakumbuka asubuhi moja wiki chache baadaye, mteja alipoingia ofisini kutafuta ploti. Alikuwa mtu wa kitambi cha kutosha, miwani ya jua kichwani, funguo za gari zikizunguka kidoleni. Alikuwa amevaa fulana nyeusi mpya. Na kifuani pake, kwa rangi nyeupe, ilikuwapo nusu duara iliyokatwa na mstari mmoja.

Soipan alidhani macho yanamdanganya. Alisimama.

"Hiyo fulana umeitoa wapi?"

"Umeipenda?" Mteja alijipapasa tumbo kwa furaha. "Kuna kijana hapa Kitengela anaziuza kwa internet. Ni mambo ya Kimaasai hivi, sijui maana yake. Lakini inakaa poa, ama? Sasa siste, nataka kipande karibu na lami. Hawa wazee na hii njaa si wanashusha bei?"

Kuna hasira inayopiga kelele na kuna hasira inayonyamaza kwanza ili ijipange. Soipan alifunga faili. Ng'ombe wa baba yake walikuwa wameoza barabarani, ardhi ya majirani zao ilikuwa inakatwa kwa futi kamba, na sasa mtu aliyekuja kununua kilichobaki alikuwa ameketi mbele yake na alama ya Katoo juu ya kitambi. Alichukua mkoba, akapita mbele ya bosi wake bila kuomba ruhusa, akatembea juani mpaka saiba.

Obura alipomwona alitandaza mikono. "Jaber! Nilitaka kukushangaza Jumamosi. Umeona? Watu wanaagiza! Tumefika mpaka Nakuru!"

"Umenishangaza," Soipan alisema. "Nani alikupa alama ya baba yangu?"

"Si uliichora mwenyewe pale kwa meza?"

"Nilikuonyesha! Sikukupa! Mtu akikuonyesha nyumba yao, unaingia unalala?"

"Ngoja, ngoja nikueleze..."

"Usinieleze! Unajua anayevaa ile ni nani? Ni mali ya baba yangu. Nimetoka kumwona ng'ombe wetu mmoja ofisini, amevaa miwani, anataka kununua Kajiado yote. Na wewe ndiye umemtia alama!"

Watu waliokuwa kwenye kompyuta waliacha kubonyeza. Obura alijaribu kumshika mkono, ukanyakuliwa.

"Na nilikwambia nini? Nilisema nipe muda niamue. Ukaniamulia. Biashara umefungua, fulana umeuza, mimi napata habari kwa kitambi cha mtu!"

Hapo Obura naye aliungua. "Ungeamua lini, Soipan? Mwaka ujao? Anayekungoja wewe uamue atazeeka!"

"Basi zeeka," Soipan alisema, akatoka.

Simu zilianza jioni ile ile. Soipan alikuwa anaishi na rafiki yake Mutindi, muuguzi mwenye subira ya kazini ambayo nyumbani huisha haraka.

"Amesema hayuko," Mutindi alimwambia Obura.

"Namsikia hapo nyuma akikuambia useme hayuko."

"Ndiyo. Sasa umesikia kwa masikio yako, nisaidie nilale."

Aliyepiga na simu yake ikapokelewa ni baba yake.

"Takwenya, Soipan," mzee alimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko, Papa."

"Kuna kijana hapa Kajiado, wa bodaboda. Amevaa alama yangu. Nimemuuliza, wewe nilikuuza lini, nani alikununua? Amecheka. Watu wote pale kwa stendi wamecheka." Sauti ya mzee ilipungua. "Ng'ombe zimeenda. Nikasema sawa, ni Mungu. Sasa hata alama imeenda? Hii si Mungu. Hii ni mtu."

Soipan alihisi uso ukimwaka kwa aibu, maana kidole kilichoichora alama ile mezani kilikuwa chake. "Namjua huyo mtu, Papa. Nitairudisha."

Alikata simu hiyo, akapiga nyingine.

"Jaber! Asante Mungu, nilikuwa..."

"Sijapiga kwa mapenzi. Toa ile picha kwa mtandao, sasa hivi. Na zile fulana zirudi bomani kwa baba. Zote. Uzipeleke wewe mwenyewe, si mimi."

"Zote? Soipan, kuna yenye iko Nakuru."

"Ng'ombe wa baba walikuwa wanafika Namanga na wanarudi," alisema, akakata.

Picha ilitoka mtandaoni kabla chai haijapoa. Habari nyingine Soipan alizipata kwa Mutindi, ambaye alikuwa anazikusanya huku akijifanya hazimhusu. Obura ameenda Nakuru. Obura amemfuata yule wa bodaboda, amembadilishia kwa fulana mbili nzuri zaidi. Obura ameonekana nje ya nyumba ya mtu mwenye kitambi, ameketi langoni tangu asubuhi, akisema haondoki bila ile nguo, mpaka yule bwana akaivua kwa hasira na kumrushia.

"Anazichunga moja moja kama mchungaji," Mutindi alisema. "Mjaluo mzima."

Moyo wa Soipan ulilainika kidogo, lakini uso haukupewa habari hizo.

Mvua ya kwanza ilipogusa Kajiado, Soipan alikuwa nyumbani. Uwanja ulinuka vumbi lililolowa. Mzee Katoo alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, shuka jekundu limefunikwa na koti kuukuu, fimbo kati ya magoti, akitazama zizi ambalo sasa lilikuwa kubwa mno kwa walio ndani yake. Obura aliingia langoni na gunia begani. Jua lilikuwa limetoka tena, lakini alikuwa amefunga jaketi mpaka kooni.

"Sopa, mzee," alisema, akainamisha kichwa ili kiguswe kwa salamu, kama alivyokuwa ameona Soipan akifanya kanisani kwa wazee wa kwao.

Mzee hakukigusa. "Ipa. Keti."

Mama yake Soipan alimletea mgeni chai. Ilikuwa chai ya rangi. Katika boma la Katoo haikuwahi kutokea mgeni akanyweshwa chai isiyo na maziwa, na mama aliiweka chini akiangalia pembeni. Obura aliona, akaichukua kwa mikono miwili na kuinywa yote.

Kisha mzee alifungua gunia. Alizitoa fulana moja moja, akaitandaza kila moja magotini, akaikagua alama kwa kidole gumba, akaiweka kando. Alifanya hivyo mpaka gunia likawa tupu.

"Ni zote?"

"Imebaki moja, mzee." Obura alifungua jaketi. Ilikuwa mwilini mwake, imepauka kwa kuvaliwa.

"Hata leo!" Soipan aliruka. "Hata leo umekuja nayo umevaa! Huna haya?"

"Nilitaka kueleza ukanikataza. Sasa namweleza mwenye mali." Obura alimgeukia mzee. "Mzee, kwetu mtu mkubwa akifa, tunachapa sura yake kwa fulana. Familia yote inaivaa siku ya mazishi. Si mchezo. Ni heshima, tunambeba kifuani mara ya mwisho. Soipan alikuja kwangu analia ng'ombe zako. Akasema zilikuwa na majina. Nikaona zimekufa hivyo tu, barabarani, hakuna hata matanga. Nikachapa hii, moja, yangu. Nilikuwa nawaomboleza. Halafu watu wakaniuliza umeitoa wapi, na mimi nilikuwa nataka sana biashara ianze, nikaweka kwa mtandao. Hapo ndipo nilikosea. Sikukuuliza wewe. Sikumuuliza yeye."

Hasira haikumwisha Soipan. Ilisimama tu mahali pake, imeshikwa mkono na kitu kingine.

Mzee Katoo aliinuka. Alimzunguka Obura polepole, kwa jinsi alivyokuwa akizunguka madume siku za soko, akamgusa mbavu kwa ncha ya fimbo.

"Huyu amekonda."

"Ni ukame, Papa," Soipan alisema kabla hajajizuia.

Mdomo wa mzee ulicheza. "Hizi zingine tutavaa sisi wenyewe hapa nyumbani. Ni zetu. Na huyu..." alimpiga Obura kifuani, juu ya alama, "chenye hii kikirudi kwangu, mimi sikifukuzi tena. Soipan, huyu ni wako, ama nimfungie na mbuzi?"

"Nipe muda niamue," Soipan alisema.

Obura alifunga macho. Mzee akacheka, kicheko kikavu ambacho hakikuwa kimetumika kwa muda mrefu. Lakini Soipan hakuwa anatania. Alichukua fimbo mkononi mwa baba yake, akachora kwenye udongo mbichi nusu duara na mstari unaoikata. Halafu akaisimamisha fimbo pembeni, pale ambapo kaka yake angeongeza.

"Papa, anayejenga boma lake anaongeza mkato. Mimi nataka mkato wangu."

"Hiyo ni ya vijana. Msichana..."

"Ng'ombe walipoisha, unga ulikuwa unaletwa na kijana gani hapa?"

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kumkata baba yake maneno. Mama alitokea mlangoni, akasimama. Soipan hakuiondoa fimbo. "Nimeandika karatasi za kuuza nchi yetu, kila siku, ili tule. Sikulalamika. Sasa nataka kuweka alama kwenye kitu changu, na nimekuja kukuuliza wewe kwanza, kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya." Hapo alimtupia Obura jicho, naye akatazama viatu vyake.

Mzee Katoo alitazama udongo, kisha zizi, kisha binti yake.

"Chora," alisema.

Alichora. Mkato mmoja, mfupi, umeinama kidogo.

"Hii ndiyo tutachapa," alimwambia Obura. "Hii peke yake. Jumatatu naandika barua ya kuacha kazi. Mimi nachora, wewe unachapa, na hakuna kitu kinaenda kwa mtandao kabla sijasema ndiyo. Tumeelewana, Bwana Fulana?"

Obura alisikia jina hilo na uso wake wote ukafunguka. "Tumeelewana, Jaber. Lakini ngoja. Umesema alama hiyo mtu anaiongeza akijenga boma. Sasa hii ni ya biashara, ama ni ya boma?"

Soipan alipanguza udongo viganjani. Alikuwa ameamua tangu alipomwona akiinywa ile chai, lakini hakutaka kumpa raha ya kulijua hilo upesi. "Wewe unataka iwe ya nini?"

"Ya vyote viwili."

"Basi lete wazee wenu waje waseme na baba. Posa hailetwi kwa gunia."

"Na waje na ng'ombe," Mzee Katoo alisema, akichukua fimbo yake. Aliinua fulana moja kutoka kwenye rundo, akajipimia juu ya koti. "Zenye kutembea. Si za kuchapa."

Mama alicheka kwa nguvu pale mlangoni, kisha akamwita Obura aingie ndani kabla mvua haijarudi.